Vijiti Visivyosikia

Burulkan alifundisha kompyuta kwenye shule yetu miaka kumi na tisa, na mimi nilikuwa nafundisha historia chumba cha pili kutoka chake. Nataka kueleza alivyoondoka kijijini, kwa sababu watu wa hapa wanaieleza habari hiyo vibaya, na anayejua ilivyokuwa ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa korona. Mwezi wa tatu shule zilifungwa nchi nzima, na tukaambiwa masomo yatatolewa kwenye televisheni. Wengi waliona ni jambo jema. Lakini kijijini kwetu, huku juu bondeni, kaya ishirini hazikuwa na televisheni inayoshika mawimbi mapya ya kidijitali. Wengine walikuwa na televisheni za zamani walizozifanya meza ya kuwekea birika. Ofisi ya elimu ya wilaya ikakumbuka kwamba shule ilikuwa na laptopu ishirini za msaada, zile zinazotumia Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure. Wakaona wamepata dawa. Walinunua vijiti vya USB, vidogo kama flashi, ambavyo ukichomeka kwenye kompyuta na kuunga waya wa antena, kompyuta inageuka televisheni.

Vililetwa kwenye katoni moja, pamoja na barua iliyosema masomo yanaanza baada ya siku tano.

Mkuu wa shule alimkabidhi Burulkan katoni ile kama mtu anayekabidhi mtoto wa jirani aliyemchosha. Mimi nilikuwepo kwa sababu nyumbani kulikuwa na wajukuu na kelele, na shule tupu ilinipa amani. Burulkan alifungua kasha la kwanza akatoa kijiti, waya, na sidii.

"Agai," aliniambia, maana walimu wa kiume wote hapa ni agai, "chukua sidii hii ukaifundishie somo la zama za mawe. Laptopu zetu hazina hata pa kuitia."

Alichomeka kijiti, akaandika maneno yake kwenye kile kidirisha cheusi cha amri, akatikisa kichwa. Akachomeka cha pili. Mpaka saa sita alikuwa amevipanga mafungu mawili mezani. Vinane vilikuwa vimekubali bila maneno. Kumi na viwili vilikaa kimya.

"Si kasha ni lilelile?" niliuliza.

"Kasha ni lilelile, jina ni lilelile, ila baba mbalimbali." Alinionyesha namba kwenye kioo. Kila kifaa kina namba zake za utambulisho, na za vile kumi na viwili zilikuwa tofauti. "Hivi vinane draiva yake, programu ya kukiendesha kifaa, iko tayari ndani ya Linux. Hivi vingine draiva nayo ipo, lakini kifaa chenyewe hakina akili. Kila ukikichomeka kinataka kulishwa faili fulani, linaitwa fimwea. Ni kama mtoto anayezaliwa upya kila asubuhi. Usipomnyonyesha, hata jina lake hakwambii."

"Na hilo faili liko wapi?"

"Ndiyo kazi yenyewe sasa."

Intaneti kijijini kwetu inashika vizuri mahali pamoja tu, kilimani kwenye makaburi. Burulkan alikaa huko siku mbili, laptopu magotini, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa kaburi la babu yake, theluji bado haijaisha kwenye vivuli. Nilimpelekea chai kwenye chupa. Alikuwa amepita kurasa za Kirusi, za Kijerumani, za Kichina. Viungo vingi vilikuwa vimekufa. Ukurasa mmoja ulitaka namba ya simu kwanza. Mwingine ulimpa faili lenye jina sahihi ambalo ndani yake mlikuwa na virusi.

Siku ya pili alasiri aliniita kwa mkono. Alikuwa amepata mjadala wa Kirusi wa miaka sita nyuma. Mtu mmoja alikuwa ameuliza juu ya kijiti chenye namba zilezile, akieleza kila kitu sawasawa na ilivyokuwa kwetu. Wiki moja baadaye mtu huyohuyo aliandika: "Tatizo limekwisha. Asanteni wote." Basi. Hakusema alifanya nini wala alilipata wapi faili. Chini yake, mwaka baada ya mwaka, watu kumi na mmoja walikuwa wamemwomba. Ndugu, ulifanyaje? Kaka, tusaidie. Hakuwajibu hata mmoja.

"Mtu kama huyu," Burulkan alisema, "ni kama aliyekunywa kisimani halafu akavuta ngazi."

Nikasoma jina alilolitumia mtu huyo. Lilikuwa Kanykei2011.

Kanykei ni mdogo wangu wa mwisho. Mwaka 2011 ndio tulimwoza, kwa Taalaibek, kijana wa mjini Naryn aliyekuwa anaanza biashara ya kompyuta. Nilijua jina lile kwa sababu ndilo Taalaibek alilokuwa akilitumia kwenye kila kitu, hata barua pepe ya duka.

"Huyu ni shemeji yangu," nilisema.

Burulkan alinitazama kwanza kama hajasikia. Kisha akacheka, na nakumbuka alikuwa na furaha kweli. "Kumi na mmoja wamelia miaka sita, kumbe dawa iko kwa shemeji yako. Mpigie basi, agai, unangoja nini?"

Nilimpigia palepale makaburini. Taalaibek naye alicheka. "Baike," alisema, kama huku anavyoitwa kaka mkubwa, "umefufua maiti. Hilo jambo nilishalisahau." Halafu akauliza ni vijiti gani. Nikamwambia ni vile vilivyoletwa na wilaya.

"Nani mwingine anajua havifanyi kazi?"

"Mimi na Burulkan. Kwani?"

"Nauliza tu. Faili ninalo. Kesho nitalileta darajani, kwenye kizuizi. Lakini eje, dada yetu Burulkan, aje mwenyewe, mtaalamu wa kompyuta. Kuna karatasi ndogo ya mauzo ya kumalizia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba vijiti vilitoka dukani kwake. Nilijiambia ni bahati njema, kwamba aliyeuza ndiye atakayetengeneza.

Siku hizo mji ulikuwa umefungwa. Darajani waliweka vipande vya zege na mlingoti wa kuinuliwa, askari wawili upande huu na wawili upande ule. Taalaibek alifika na gari lake jeupe, barakoa imeshuka kidevuni. Aliongea na askari, wakamruhusu asogee mpaka mlingotini. Alitoa flashi mfukoni, na karatasi.

Ilikuwa hati ya mapokezi. Ilisema vifaa ishirini vimepokelewa, vimekaguliwa na mtaalamu, na vyote vinafanya kazi inavyotakiwa. Burulkan aliisoma mara mbili.

"Vinavyofanya kazi ni vinane," alisema.

"Ukitia faili hili, eje, vyote vitawaka."

"Basi nipe nikatie. Nikishaona, nasaini."

"Kizuizi kinafungwa saa nane. Kesho sijui kama hawa watanipitisha tena. Masomo si yanaanza keshokutwa?" Aliishika flashi kwa vidole viwili, hakuinyoosha. "Wilaya inaning'ang'ania kwa hii karatasi. Mimi sina haja ya kukudanganya, mimi na nyinyi si ndugu?"

"Apa."

"Naapa kwa mkate," alisema, na kwetu hicho ni kiapo kisichovunjwa. "Vitawaka vyote kumi na viwili."

Burulkan alinigeukia. Upepo wa mto ulikuwa unaipigapiga ile karatasi mkononi mwake. "Agai, huyu ni mtu wako. Unamjua kuliko mimi. Unasemaje?"

Na mimi nikasema, "Saini tu. Hawezi kutudanganya."

Alisaini juu ya boneti ya gari.

Tulirudi shuleni karibu tunakimbia. Alilitia faili mahali pake, akachomeka kijiti cha kwanza, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Cha pili kikawaka. Vyote kumi na viwili viliwaka. Nilimpigia makofi kama mjinga. Toktokan, jirani yake, ambaye mumewe yuko Moscow kwenye kazi za ujenzi na ambaye binti yake alikuwa kidato cha mwisho, alikuwa amekuja kuuliza zamu yao ni lini, akiwa na boorsok za moto kwenye kitambaa. Tulikula maandazi hayo tumesimama. Burulkan akamwambia, "Keshokutwa mchana ninyi wa kwanza."

Halafu akaanza kutafuta stesheni. Mstari ulitembea kwenye kioo mpaka mwisho. Hakuna. Akabadilisha antena, hakuna. Akachukua kimoja cha vile vinane, kwa waya uleule, pale pale, kikaleta stesheni zote. Akarudi kwa kimoja cha vile kumi na viwili. Hakuna kitu.

Aliendelea hivyo mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Toktokan alishaenda nyumbani. Mwishoni Burulkan alikitaka kijiti kijieleze chenyewe, jambo ambalo sasa kiliweza, kwa kuwa kilishalishwa. Alisoma majibu, akaweka mikono mapajani.

"Ni vya aina ya zamani," alisema. "Mnara wetu unarusha mawimbi ya kizazi cha pili. Hivi vinajua ya kizazi cha kwanza tu. Hakuna faili duniani litakalovifundisha. Kama faili lisingekuwepo nisingeweza kujua, na faili alikuwa nalo yeye."

Nilichukua kasha moja. Palipoandikwa kwamba kifaa kinapokea mawimbi mapya palikuwa na stika. Niliikwangua kwa ukucha. Chini yake yalikuwa maandishi ya awali ya kiwanda, na ile namba 2 ya kizazi cha pili haikuwepo.

Nilimpigia Taalaibek mbele yake, nikaweka sauti kubwa ili asikie.

"Havikuwaka?" aliuliza.

"Vimewaka. Picha hakuna."

"Basi mimi niliapa nini, baike? Niliapa vitawaka."

"Taalai, mwaka ule uliandika tatizo limekwisha."

"Niliandika limekwisha. Sikuandika kwamba nimeona picha." Alikata simu.

Baadaye mdogo wangu aliniambia yaliyobaki. Alikuwa amenunua mzigo wa vile vijiti kwa bei ya kutupa, akahangaika navyo wiki nzima, akafurahi taa zilipowaka, halafu akagundua havifai. Vikakaa stoo miaka sita. Wilaya ilipotaka vijiti haraka, alinunua vinane vizuri vya kuweka juu kwenye katoni, na vile vya stoo akavibandika stika akavipanga chini.

Burulkan hakukaa kulia. Kesho yake alizigawa kaya ishirini kwa vijiti vinane, nyumba mbili au tatu kwa kijiti kimoja, na kwa kuwa watu walikatazwa kukusanyika, laptopu iliwekwa dirishani ikiangalia nje, na watoto walikaa uani na makoti. Yeye mwenyewe alipanda juu ya mapaa kufunga antena. Alipanda kilimani pia, akaandika chini ya ule mjadala wa Kirusi kila kitu, hatua kwa hatua, akaambatanisha faili lenyewe na kueleza mahali pa kuliweka, na mwisho akaonya kwamba vijiti hivi havitaonyesha picha popote penye mawimbi mapya, mtu asipoteze muda wake. Kisha akaandika barua kwa wilaya, akabandika stika tatu alizozikwangua.

Ile barua ndiyo iliyomponza.

Tume ilikuja mwezi wa sita, watu watatu, wakakaa ukumbi wa mazoezi, madirisha wazi, viti vimetenganishwa. Siku moja kabla yake Kanykei alinipigia. Hakusalimia.

"Kaka, ni kweli utasimama kumsemea yule mwanamke?"

"Nitasema nilichokiona."

"Ulichokiona ni mume wangu akienda jela. Nina watoto wanne. Wa mwisho hajaota meno. Utakuja kunilisha wewe kwa historia yako?"

"Kanykei, mumeo alimdanganya mtu."

"Na nani hajamdanganya mtu? Huyo mwalimu wenu atapewa onyo, basi, ni mwanamke hana mtoto wala mume, atapoteza nini kikubwa? Ukisema, umenivunjia nyumba. Na usije kwangu tena, hata nikifa."

Sikulala vizuri, lakini hilo si jambo la kumwambia mtu ili anihurumie.

Ukumbini, mwenyekiti wa tume, mtu mnene mpole, aliiweka ile hati mezani. "Mwalimu, hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika umekagua na vyote vinafanya kazi."

"Nililazimishwa. Muuzaji aliniambia hanipi faili mpaka nisaini, na kwamba vyote vitafanya kazi. Bila faili nisingeweza kukagua."

"Kwa hiyo ulisaini bila kukagua."

"Masomo yalikuwa yanaanza keshokutwa."

"Stika ulizikwangua lini?"

"Baada ya kusaini."

"Mtaalamu wa miaka kumi na tisa," alisema yule mwenyekiti, bila ukali, "na ukucha ulikuwa nao siku zote." Mmoja wa wenzake akacheka puani.

Burulkan akanielekea. Hakuinua sauti. "Agai alikuwepo. Alisikia kila neno. Yeye ndiye aliyeniambia nisaini."

Watu wote waligeuka. Walikuwepo wazazi pia, Toktokan mbele kabisa. Mwenyekiti akaniuliza niliyasikia maneno gani.

"Nilikuwa mbali kidogo," nilisema. "Kulikuwa na upepo. Sikusikia walichoongea."

"Ulimwambia asaini?"

"Sikumbuki kusema hivyo."

Ndivyo nilivyosema. Nimeyarudia kwa ulimi wangu hapa kwa sababu watu wa kijiji wanaamini kwamba kweli sikusikia kitu darajani, na Burulkan hakuwahi kwenda nyumba kwa nyumba kuwasahihisha.

Burulkan akaketi, na tangu hapo kila alichoulizwa alijibu ndiyo au hapana.

Kwenye karatasi ya tume uliandikwa uzembe. Shuleni walimwondoa. Laptopu zilichukuliwa na wilaya, pamoja na vile vijiti vinane vizuri, kwa ajili ya uchunguzi, na hazijarudi. Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa kijiji. Masomo yaliyowapotea watoto yalihitaji mtu wa kulaumiwa, na Taalaibek alikuwa mbali, mjini. Walisema Burulkan alikula naye pesa. Walisema hata mapaa alipanda ili aonekane. Binti wa Toktokan hakupata alama za chuo, akaenda kuuza kwenye duka la nguo la shangazi yake, na Toktokan akaacha kumsalimia Burulkan bombani. Siku moja nilimsikia akisema, makusudi ili asikike, "Wengine hutia saini, wengine watoto wao hukaa bila chuo." Burulkan alijaza ndoo yake akaenda.

Nilimfuata njiani. Nilisema nimekuja kuomba msamaha.

"Kasemee ukumbini," alinijibu. "Hapa hakuna mtu."

"Burulkan, mdogo wangu ana watoto wanne."

"Najua. Wote nimewanunulia pipi wakija kwako likizo." Alihamisha ndoo mkono wa pili. "Mimi sikasiriki kwamba ulimchagua ndugu yako. Kila mtu angemchagua. Nakasirika kwamba niliyesaini kwa neno lako nilikuwa mimi, na bado unataka nikuambie kwamba si kitu."

Sikumsindikiza zaidi.

Taalaibek hakuguswa. Hati ilikuwa na saini, na saini ilimtosha. Vuli hiyo alipeleka kompyuta kwenye shule mbili za bonde la pili. Kanykei alinitumia picha ya mtoto, meno mawili, nami nikajibu mashaallah.

Burulkan aliondoka mwishoni mwa mwezi wa nane. Kaka yake wa Tokmok alimpatia nafasi kwenye karakana ya kushona nguo mjini Bishkek, kwenye cherehani, pamoja na wasichana wa nusu ya umri wake. Gari la kubebea viazi lilikuja asubuhi. Vitu vyake vilikuwa vichache, kitanda, magodoro ya kukalia, na katoni mbili za vitabu. Nilishika ncha ya kitanda. Aliniambia niachie, dereva anatosha.

Wanawake wawili watatu walitoka, na Toktokan akawa kati yao, sijui kwa aibu au kwa desturi tu. Alikuwa ameshika mkate mzima wa duara, bado una moto. Kwetu anayesafiri huuma mkate kidogo, na kilichobaki hutundikwa nyumbani alikotoka, kimngoje mpaka arudi kukimalizia. Kila kijana anayeenda jeshini huuma. Toktokan aliunyoosha.

"Uma, eje," alisema, macho chini. "Usiende hivihivi."

Burulkan aliupokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa mkate kupokewa. Aliutazama pande zote. Kisha, bila kuuma, akaufunga kwenye kilemba chake cha ziada, akauweka mapajani, akapanda karibu na dereva na kufunga mlango.

"Njia ni ndefu," alisema kupitia dirishani. "Tutaumaliza wote."

Gari liliteremka polepole kwa sababu ya mashimo. Sisi tulibaki pale mpaka vumbi likatua, na Toktokan akapangusa unga mikononi kwa aproni yake, akaniuliza kama ninajua nani atafundisha kompyuta mwaka huu. Nikamwambia sijui. Sasa wameniandika mimi kwenye ratiba, kwa muda, saa mbili kwa wiki. Nawasomesha watoto kutoka kwenye kitabu, kwa kuwa mashine hakuna.